Tajiri akisema amesota, kwa nini watu hucheka?

Mwezi Juni 2024, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, Rishi Sunak, aliulizwa na mwandishi wa televisheni ya ITV kama kuna kitu alichokikosa utotoni. Akasema viko vingi. Mwandishi akaomba mfano. Sunak akababaika kidogo, kisha akataja Sky TV, yaani televisheni ya kulipia. Aliyesema hivyo ni mtoto wa daktari na mfamasia, amesoma Winchester College, shule ya bweni ambayo karo yake ni miongoni mwa kubwa kabisa nchini humo, na mwezi uliotangulia gazeti la The Sunday Times lilikuwa limekadiria mali yake na ya mkewe kuwa pauni milioni 651. Haikuchukua muda, vibonzo na vijembe vikatapakaa mitandaoni.

Likitokea jambo la aina hii, ubishi unaofuata huwa uleule. Wapo wanaosema wanaocheka wana wivu tu: mwenzao amehangaika, amefika, sasa wanamwonea gere. Wapo wanaosema matajiri wote ni waongo na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka jasho. Mimi naona pande zote mbili zimepotea njia. Kinachochekwa si mali, wala si kazi. Ni hesabu yenye kipande kilichoachwa, halafu hesabu hiyo pungufu ikatumiwa kuwafunga watu midomo.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Majigambo ya kusota, kwa maana ninayoitumia hapa, ni pale mtu mwenye mali au cheo anapozitangaza dhiki alizopitia, au wingi wa saa anazofanya kazi, ili umma ukubali kwamba kila alichonacho ni haki yake tupu. Mzee anayewasimulia wajukuu jinsi alivyolala njaa hajigambi, anakumbuka. Tajiri anayeulizwa kuhusu kodi, mishahara ya wafanyakazi wake au urithi wake, naye akajibu kwa kueleza alivyolala sakafuni, huyo anajigamba, hata kama sakafuni alilala kweli. Kejeli ni jibu la umma kwa majigambo hayo: dai linachukuliwa kama lilivyo, linawekwa karibu na kile kipande kilichoachwa, na pengo lililopo katikati ndilo linalochekesha. Neno la mwisho la kushika ni kinga. Kinga ni chochote kinachomzuia mtu asianguke hadi chini kabisa akishindwa: mali ya wazazi, nyumba ya kurudia, jina la ukoo, mtu mwenye uwezo wa kupigiwa simu usiku.

Kuanza na sifuri, lakini sifuri ya nani?

Majigambo haya yako ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mwanzo: nilitoka chini. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Oktoba 2015, Donald Trump alipokuwa akiwania urais wa Marekani kwa mara ya kwanza. Aliwaambia wapigakura kwamba mambo hayakuwa rahisi kwake, kwani baba yake alimpa mkopo mdogo wa dola milioni moja. Watu wakacheka udogo wa huo mkopo. Kumbe kichekesho kikubwa zaidi kilikuwa bado njiani: mwaka 2018 gazeti la The New York Times lilichapisha uchunguzi mrefu uliosema kwamba, kwa thamani ya fedha ya mwaka huo wa 2018, alipokea angalau dola milioni 413 kutoka katika biashara ya majengo ya baba yake, na kwamba fedha hizo zilianza kumfikia akiwa bado mtoto mdogo. Mwanasheria wake alizikanusha tuhuma za ukwepaji kodi zilizokuwa katika uchunguzi huo. Hata hivyo, picha ya kijana aliyeanza na mkopo mmoja haikubaki salama.

Mfano huo ni mwepesi kwa sababu namba zenyewe zinapiga kelele. Mgumu zaidi, na wenye mafunzo zaidi, ni wa Ann Romney. Mwezi Agosti 2012, mumewe Mitt akiwa mgombea urais wa chama cha Republican, alipanda jukwaani mjini Tampa na kueleza maisha yao ya mwanzo ya ndoa: walikula sana tambi na samaki wa kopo, dawati lao lilikuwa mlango uliolazwa juu ya vihimili vya mbao vya seremala, na meza yao ya chakula ilikuwa ubao wa kupigia pasi. Sina sababu ya kutoamini hata neno moja. Lakini miaka 18 kabla ya hapo, mwaka 1994, yeye mwenyewe alikuwa amelieleza gazeti la The Boston Globe kwamba siku hizo hakuna kati yao aliyekuwa na ajira, kwa kuwa Mitt alikuwa na hisa ambazo waliweza kuziuza kidogo kidogo. Baba mkwe wake, George Romney, alikuwa ameongoza kampuni ya magari ya American Motors kisha akawa gavana wa Michigan.

Hapa ndipo penye kitu ambacho watu wengi hukichanganya, na nitakaa hapo kidogo. Kubana matumizi si umaskini. Vinafanana kwa nje: meza ileile mbovu, chakula kilekile cha bei nafuu. Tofauti imo ndani ya kichwa cha anayekila. Anayebana matumizi anajua tarehe ya mwisho wa dhiki yake, na akiugua kesho, hisa zitauzwa zaidi kidogo. Maskini hana tarehe hiyo. Kwake ugonjwa mmoja, ajira moja iliyopotea au kodi ya nyumba iliyopanda inaweza kufuta mipango ya miaka. Kwa hiyo mtu anaweza kusimulia ukweli mtupu kuhusu meza yake na bado akawa ameiacha habari yenyewe.

Vivyo hivyo kwa deni. Hillary Clinton alisema mwaka 2014 kwamba yeye na mumewe, rais wa zamani Bill Clinton, waliondoka Ikulu ya Marekani mwaka 2001 wakiwa hawana kitu, wana madeni. Madeni ya mawakili yalikuwepo kweli, tena makubwa. Lakini mwezi mmoja kabla ya kuondoka, Hillary alikuwa amekwisha kukubaliana na mchapishaji malipo ya takriban dola milioni 8 kwa kitabu cha kumbukumbu zake. Mtu anayedaiwa leo lakini anajua kesho jina lake peke yake litamlipia deni, hayuko mahali pamoja na mtu anayedaiwa na hana chochote cha kuuza. Waliocheka hawakusema madeni hayakuwepo. Walikataa hayo madeni yapewe jina la umaskini.

Je, watu hawa wanadanganya? Mara nyingi hapana, na jambo hili linawashangaza wengi. Mwaka 2016 wanasaikolojia Shai Davidai na Thomas Gilovich walieleza tabia moja ya akili ya binadamu kwa mfano wa upepo. Ukiendesha baiskeli upepo ukikupiga usoni, kila dakika unauhisi na unaulaani. Ukigeuza njia upepo ukawa mgongoni, unaushukuru kwa dakika chache tu, kisha unasahau kwamba upo na unadhani kasi yote ni ya miguu yako. Vikwazo hujitangaza vyenyewe kwa sababu tunalazimika kupambana navyo. Misaada hupita kimya kimya. Kwa hiyo mtoto wa tajiri anakumbuka vizuri usiku aliokesha akisoma, lakini hakumbuki mchana ambao hakulazimika kwenda kutafuta karo.

Kuna na sababu ya pili, na hii si ya kumbukumbu tu. Mwaka 2020 watafiti L. Taylor Phillips na Brian Lowery walionyesha kwamba watu wanaokumbushwa faida za tabaka lao huanza kuzitaja dhiki zao kwa wingi zaidi kuliko wasiokumbushwa. Yaani majigambo hayaji yenyewe. Mara nyingi huitwa na swali linalochoma. Na nchini Uingereza mwanasosholojia Sam Friedman na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliwahoji watu 175 wenye kazi za hadhi, kama vile waigizaji, wahasibu na wasanifu majengo. Kati yao, 36 walikuwa wamelelewa na wazazi wa tabaka la kati lakini wakajiita watoto wa tabaka la wafanyakazi. Walifikaje huko? Wengi walirudi nyuma hadi kwa babu na bibi. Babu alifanya kazi ya mikono, kwa hiyo na mimi natoka huko. Jasho la marehemu linakuwa urithi mwingine, juu ya ule wa benki.

Anayejua kucheka pamoja na watu hupona haraka. Katika mfululizo wa filamu za hali halisi kuhusu mumewe, mwanasoka David Beckham, uliotoka mwaka 2023, Victoria Beckham alikuwa akieleza kwamba familia yake ilikuwa ya wafanyakazi hasa, mara David akachungulia mlangoni na kumtaka aseme ukweli: baba yake alikuwa akimpeleka shule kwa gari gani? Alijaribu kukwepa mara mbili tatu, mwisho akakiri kwamba katika miaka ya 80 baba yake alikuwa na Rolls-Royce. Baadaye alivaa fulana iliyoandikwa maneno hayohayo ya Rolls-Royce, akaiuza pia. Kicheko kikageuka kuwa biashara, na hakuna aliyebaki na hasira. Kipande kilichoachwa kilikuwa kimerudishwa, tena na mwenyewe.

Wiki ina saa 168

Aina ya pili ya majigambo ni ya saa. Hapa hesabu ni rahisi zaidi, maana wiki ya tajiri na ya maskini ina saa zilezile 168.

Mwaka 2018 Elon Musk aliliambia gazeti la The New York Times kwamba amekuwa akifanya kazi hadi saa 120 kwa wiki, na ilijulikana pia kwamba alikuwa akilala kiwandani wakati kampuni yake ya Tesla ikihangaika kutoa magari ya kutosha. Toa 120 kwenye 168, zinabaki 48, ambazo hazifiki saa saba kwa siku za kulala, kula, kuoga, kusafiri na kulea watoto. Marissa Mayer, aliyeongoza Yahoo, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2016, akikumbuka miaka yake Google, alisema saa 130 kwa wiki zinawezekana ikiwa mtu ana mpango mzuri wa lini analala, lini anaoga na mara ngapi anakwenda msalani. Zinabaki 38. Ni chini ya saa tano na nusu kwa siku, kwa kila kitu.

Je, inawezekana? Kwa wiki moja mbaya, ndiyo. Kwa miaka, vipimo vinasema vingine. Maprofesa Michael Porter na Nitin Nohria wa shule ya biashara ya Harvard waliwafuatilia wakuu 27 wa makampuni makubwa kwa wiki 13 kila mmoja, wasaidizi wao wakiandika matumizi ya muda saa kwa saa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2018: wastani wa saa 62.5 za kazi kwa wiki, na usingizi wa karibu saa saba kila usiku. Ni kazi nyingi, hakuna ubishi. Lakini ni nusu tu ya zile za majigambo, na asilimia 72 ya muda huo ilikuwa mikutano. Utafiti mwingine uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2011 ulilinganisha saa ambazo watu hukadiria kichwani na zile wanazoziandika kwenye shajara ya siku. Waliodai kufanya kazi zaidi ya saa 75 kwa wiki walikuwa wamezidisha kwa takriban saa 25.

Siyo kwamba wote hao ni waongo. Wiki iliyotuchosha zaidi ndiyo inayokaa kichwani, nasi tunaihesabu kama wiki ya kawaida. Lakini kuna kingine: nini kinachohesabiwa kuwa kazi? Chakula cha jioni na mteja ni kazi. Safari ya ndege ni kazi. Kuwaza biashara bafuni ni kazi. Mimi sina ugomvi na hilo, mradi kipimo kiwe kimoja kwa wote. Mfagizi wa ofisi anayeamka alfajiri na kusimama ndani ya basi saa nzima haandikiwi safari hiyo popote. Akirudi jioni akapika, akafua na kumwogesha mtoto, hayo nayo hayaitwi kazi. Tukimhesabia kwa rula ya bosi wake, huenda akampita.

Kisha kuna kazi ya wengine inayojificha ndani ya saa za mkubwa. Ili mtu akae kazini saa mia, lazima mwingine apike, aendeshe gari, alaze watoto na apange safari. Iliripotiwa sana mwaka 2013 kwamba Mayer alijenga kwa fedha zake chumba cha mtoto wake kando ya ofisi, na habari hiyo ikatoka wakati kampuni yake ikiwakataza wafanyakazi kufanyia kazi nyumbani. Kujenga chumba si kosa hata kidogo, mama anahitaji kuwa na mtoto wake. Ila ukiwa na chumba hicho, ushauri wako kuhusu kupanga usingizi na msala unawahusu watu wachache mno.

Na hata saa zikilingana kabisa, uzito haulingani. Uchunguzi wa miaka mingi wa watumishi wa serikali mjini London, unaojulikana kwa jina la Whitehall, uliona kwamba waliokuwa na uamuzi mdogo juu ya kazi yao walipata zaidi maradhi ya moyo kuliko wenye uamuzi mkubwa. Anayejichagulia kukesha, kwenye jambo alilolianzisha, huku kila saa ikiongeza thamani ya hisa zake, hakeshi pamoja na anayekesha kwa sababu zamu imepangwa na msimamizi.

Uvivu ulipokuwa heshima

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1899 mwanauchumi Thorstein Veblen aliandika kwamba matajiri wa zama zake walionyesha hadhi kwa kutofanya kazi: mikono laini, mavazi ambayo huwezi kushikia jembe, muda mwingi wa kupoteza mbele za watu. Kazi ilikuwa ishara ya uhitaji. Leo, angalau Marekani, mambo yamepinduka. Silvia Bellezza na wenzake walionyesha katika utafiti wa mwaka 2017 kwamba Wamarekani wakisoma kuhusu mtu asiye na nafasi kabisa wanamdhania kuwa wa hadhi ya juu. Waitaliano waliofanyiwa jaribio hilohilo walimpa hadhi hiyo mwenye muda wa kupumzika. Ndiyo maana jibu la siku hizi kwa salamu limekuwa malalamiko yenye fahari ndani yake: nimebanwa, sijalala.

Kujitia uchochole, kwa upande mwingine, ni mchezo wa zamani sana katika siasa. Mwaka 1840 William Henry Harrison aliuzwa kwa wapigakura wa Marekani kama mtu wa kibanda cha magogo. Alizaliwa katika jumba la shamba kubwa huko Virginia, na baba yake ni mmoja wa waliotia sahihi Azimio la Uhuru. Akashinda. Kwa hiyo wanaojigamba si wajinga, wanajua kwamba huwa inafanya kazi.

Pale majigambo yanapogeuka amri

Mpaka hapa tumeongea kuhusu watu wanaojitetea, na kwa hao mimi ningekuwa mpole. Kila mtu hupenda kuonekana amestahili. Lakini kuna matumizi ya pili ya majigambo haya, na hapo kicheko huwa kikali kwa haki: pale simulizi ya mkubwa inapokuwa kipimo cha wengine.

Mwishoni mwa Oktoba 2023 Narayana Murthy, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya teknolojia ya Infosys, alisema vijana wa India wanapaswa kufanya kazi saa 70 kwa wiki kwa ajili ya nchi yao. (Huyo, kwa asiyejua, ni baba mkwe wa yule wa Sky TV.) Januari 2025 S. N. Subrahmanyan, mwenyekiti wa kampuni ya ujenzi ya Larsen & Toubro, akapandisha dau hadi 90. Aliwaambia wafanyakazi wake kwamba anajuta kutoweza kuwafanyisha kazi Jumapili, na kuwauliza wanafanya nini nyumbani, wanaweza kuwatazama wake zao kwa muda gani? Saa 90 ni karibu saa 13 kila siku, bila hata siku moja ya kupumzika. Wahindi walimcheka kwa wiki nzima, na waandishi wakaenda kusoma taarifa ya mwaka ya kampuni, wakakuta kwamba malipo yake ya mwaka uliotangulia yalikuwa zaidi ya mara 500 ya mshahara wa kati wa wafanyakazi wake. Kipande kilichoachwa kilikuwa hicho. Akizidisha saa zake mara mbili na mfanyakazi akazidisha zake mara mbili, hawapati kitu kimoja.

Kwa wasio na makampuni, amri hiyo huja katika sura ya ushauri. Kim Kardashian, nyota wa televisheni wa Marekani, aliwaambia wanawake mwezi Machi 2022 wainuke wafanye kazi, kwani inaonekana siku hizi hakuna anayetaka kufanya kazi. Baadaye aliomba radhi. Miezi michache kabla yake, Molly-Mae Hague, nyota wa mitandao wa Uingereza, alikuwa amesema sote tuna saa 24 zilezile. Kauli hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Saa ni zilezile, ni kweli. Zinanunulika, hilo halisemwi. Mwenye fedha hununua saa za mpishi, dereva na yaya, akaishi siku yenye saa za watu wanne.

Wivu, basi?

Turudi kwenye lile shutuma. Kama kicheko kingekuwa wivu wa fedha, kingewapiga matajiri wote sawasawa. Hakiwapigi. Oprah Winfrey, mtangazaji wa televisheni wa Marekani, amesimulia kwa miaka mingi ufukara wa utoto wake huko Mississippi, na ni bilionea. Sijaona umma ukimzomea kwa simulizi hiyo. Mwekezaji bilionea Warren Buffett amekuwa akirudia kwamba kuzaliwa kwake Marekani mwaka 1930 kulikuwa bahati nasibu aliyoshinda kabla ya kufanya lolote. Arnold Schwarzenegger, mwigizaji wa filamu na mhamiaji mwenye kila sababu ya kujigamba, aliwaambia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Houston mwaka 2017 kwamba yeye si mtu aliyejijenga mwenyewe, akawataja waliomshika mkono. Hao wanachekwa kwa mengine, si kwa hili. Na katika ule mzozo wa saa 90, mmoja wa waliojibu kwa mzaha alikuwa tajiri mwenzake, Anand Mahindra, aliyesema mkewe ni mzuri na yeye hufurahia kumtazama. Huyo naye ana wivu wa nini?

Hata hivyo wanaocheka nao huteleza. Kumcheka mtu lafudhi yake, sura yake au msiba wake ni matusi, wala hakugusi dai lake. Kusema tajiri hawezi kuumia ni uongo: fedha hazizuii mtu kufiwa, kuachwa wala kuugua. Na kusema hakuna tajiri anayefanya kazi kunapingwa na zile saa 62.5. Hayo yote humpa anayejigamba mahali pa kujificha, maana sasa anaweza kujibu matusi na kuliacha swali.

Liko dai moja ambalo kicheko peke yake hakilimalizi, nalo ni kwamba saa nyingi ndizo zinazoleta mafanikio, liwe limesemwa na nani. Hilo linahitaji vipimo. Mchumi John Pencavel alichambua mwaka 2014 kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya risasi na mabomu vya Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akakuta kwamba wiki ya saa 70 ilitoa karibu kiasi kilekile cha bidhaa kama wiki ya saa 56. Saa 14 za ziada zilikwenda bure. Mtafiti Erin Reid naye, katika utafiti wa mwaka 2015 kwenye kampuni moja ya ushauri, aliona kwamba wakubwa hawakuweza kuwatambua wanaume waliofanya kazi saa 80 kwa kuwatenga na waliojifanya tu kuzifanya. Gharama, kinyume chake, inajulikana. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba saa ndefu za kazi zilisababisha vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 pekee. Wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40.

Na kejeli ina mpaka wake. China ilikuwa na msemo wa 996: kazi tangu saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku (9 hadi 9 kwa saa za Kizungu), siku sita kwa wiki. Mwezi Machi 2019 wahandisi wa programu walifungua ukurasa mtandaoni wakautania utaratibu huo kwamba mwisho wake ni chumba cha wagonjwa mahututi, na papo hapo wakaanza kuorodhesha makampuni yanayoutumia. Aprili, Jack Ma, mwanzilishi wa kampuni ya biashara ya mtandaoni ya Alibaba, akasema kupata nafasi ya kufanya kazi kwa 996 ni baraka kubwa. Alichekwa, alitukanwa, na makampuni yakaendelea. Agosti 2021 Mahakama Kuu ya Watu ya China, pamoja na wizara inayosimamia kazi, ikatoa mifano ya kesi na kutamka kwamba 996 ni kinyume cha sheria. Haikutunga kitu kipya. Sheria ya kazi ya nchi hiyo iliyopitishwa mwaka 1994 ilikuwa imekwisha kuweka ukomo wa saa nane kwa siku, wastani usiozidi saa 44 kwa wiki, na saa za ziada zisizopita 36 kwa mwezi. Ilikuwepo siku ile baraka hiyo inatangazwa.